Moto Juu, Moto Chini: Historia ya Biskuti za Nyumbani Katika Mtaa wa Umoja

Biskuti ya nyumbani, yaani ile inayookwa kwa unga wa ngano, majarini na sukari pasipo hamira wala mashine, huhesabiwa leo katika mtaa wa Umoja, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kuwa upishi ambao hata mtoto wa miaka kumi anaumudu. Wepesi huo, hata hivyo, haukuzaliwa pamoja na biskuti yenyewe. Ulihitaji unga ambao mtu wa kipato cha chini angeweza kuununua kwa kilo, ulihitaji mafuta yasiyoharibika upesi kwa kukosa friji, na zaidi ya yote ulihitaji namna ya kuoka katika nyumba isiyo na oveni. Na ni jambo hili la mwisho, ambalo vitabu vingi vya mapishi hulipita kwa mstari mmoja, lililowadai wanawake wa Eastlands ubunifu mkubwa zaidi. Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa kitovu cha jiji, kuanzia Pumwani na Kaloleni za enzi ya ukoloni hadi Buruburu, Dandora, Umoja na Kayole zilizokuja baada ya uhuru.

Pwani ina ujuzi wake wa siku nyingi katika kuoka vitafunio vikavu. Vileja, ambavyo ni biskuti nene za unga, samli, sukari na iliki, hupikwa hasa nyakati za Idi na harusi, na njia ya zamani ya kuviivisha ni kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko wa chombo huku mengine yakiwaka chini, ili joto liingie kwa pande zote mbili. Jamaa wa karibu wa vileja ni nankhatai, biskuti ya Wahindi wa Gujarat inayohusishwa hasa na mji wa Surat, ambayo ilipanda bara pamoja na familia za wenye maduka waliofuata reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mambo haya mawili, mchanganyiko wenye mafuta mengi usiotiwa maji na moto wa juu na chini, yangejitokeza tena Umoja miaka mingi baadaye.

Kwa upande wa bara, biskuti ilifuata ngano. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza aliyejaribu kilimo cha ngano huko Njoro, alianzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga Limited mwaka 1908, lakini unga mweupe uliotoka humo ulikusudiwa kwanza meza za walowezi, huku Waafrika walio wengi wakiendelea na mahindi, mtama na wimbi. Mwafrika aliyeushika unga huo kila siku alikuwa mpishi wa nyumba ya Mzungu, na mpishi huyo kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's la Nairobi kilichapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, lakini aliyesimama mbele ya moto hadi keki ikaiva hakuwa msomaji wa kitabu hicho. Wapishi hao ndio waliojua kuoka mahali pasipo na oveni, kwa mfano safarini, ambako debe, yaani kopo kubwa la bati lililobebewa mafuta ya taa, lililazwa juu ya makaa na kufunikwa kwa makaa mengine. Historia iliyoandikwa imewasahau, na hiyo ni hasara, kwa kuwa walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa bara kuujua kwa mikono yao unga wa ngano unavyokubaliana na mafuta na moto.

Ujuzi huo ulihamia mikononi mwa wanawake kupitia madarasa. Katika Jeanes School ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925 kuwafunza walimu wa vijijini, wake wa wanafunzi walipewa masomo ya utunzaji wa nyumba, na mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikasaidia kuanzishwa kwa Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoeneza vilabu vya ushonaji, malezi na upishi. Mwaka huohuo Hali ya Hatari, yaani utawala wa sheria za dharura wa kuzima uasi dhidi ya ukoloni, ilitangazwa, na watawala walitarajia vilabu hivyo viwavute wanawake mbali na harakati za ukombozi. Nia hiyo haipaswi kufichwa, kama ambavyo haipaswi kufichwa kwamba waliojifunza humo walibaki na ujuzi wao baada ya watawala kuondoka, wakaugeuza kuwa mali ya nyumba zao na riziki ya watoto wao.

Wakati huohuo viwanda vya Nairobi vilikuwa vikiifanya biskuti kuwa kitu cha dukani. House of Manji, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1941 na Madatally Manji, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake na kujiita humo bwana mkubwa wa biskuti, iliizoesha nchi biskuti ya pakiti inayochovywa katika chai ya maziwa. East Africa Industries nayo ilitengeneza Blue Band, majarini iliyoenea hata watu wengi wakalitumia jina hilo kuitia majarini ya aina yoyote. Majarini ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa ili yafanye kazi ya siagi, na kwa kuwa hukaa siku nyingi nje ya friji, ilifaa nyumba za wafanyakazi kuliko siagi yenyewe.

Umoja ulijengwa katika mazingira hayo. Awamu ya kwanza ilisimamiwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1970, kwa mkopo uliopatikana kwa msaada wa shirika la maendeleo la Marekani, USAID, na nyumba zake ndogo zilikusudiwa kupanuliwa na wenyewe kadiri walivyopata uwezo. Awamu ya pili, ya miaka ya 1980, ilikuwa na vyumba vilivyozunguka ua wa pamoja. Wenye ploti wakaviinua polepole kuwa maghorofa ya kupangisha, ambayo leo yameziba anga. Hakuna hata mmoja kati ya michoro ya nyumba hizo uliomfikiria mtu wa kuoka. Jikoni palitosha jiko la mkaa au stovu ya mafuta ya taa, na kwa mpangaji wa chumba kimoja, kitanda, meza na jiko vilikuwa vya chumba hichohicho.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 lilienea jiko la mkaa lenye tabaka la udongo wa kufinyangwa ndani ya bati, lililotengenezwa na mafundi wa jua kali, yaani wafua chuma wanaofanya kazi nje ya viwanda rasmi, katika sehemu kama Shauri Moyo na Kamukunji. Lilibuniwa ili kupunguza matumizi ya mkaa, lakini kwa mwokaji faida yake ilikuwa nyingine: udongo hushika joto, kwa hiyo moto wake haupandi na kushuka ovyo kama ule wa jiko la bati tupu.

Juu ya jiko hilo huwekwa sufuria nene yenye mchanga mkavu uliochekechwa, wenye kina cha vidole viwili, na juu ya mchanga hupangwa vijiwe vitatu vya kushikilia sahani ya bati. Sufuria hufunikwa na kuachwa ipate moto, kisha chembe ya unga hudondoshwa juu ya sahani: ikiungua mara moja, mkaa hupunguzwa, ikibadilika rangi taratibu, kazi inaweza kuanza. Unga hupimwa kwa uwiano unaokumbukika bila kuandikwa, sehemu moja ya sukari, mbili za majarini na tatu za unga kwa uzani, kwa hiyo gramu 300 za unga huchukua gramu 200 za majarini na gramu 100 za sukari. Majarini husuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mabonge yote yaishe, sukari huongezwa, mchanganyiko hukandwa kidogo tu, hutandazwa kwa chupa na kukatwa kwa mdomo wa glasi. Biskuti zikishaingia, makaa machache hupaliwa juu ya mfuniko, na baada ya takriban dakika 20 kingo huwa za rangi ya dhahabu ilhali katikati bado ni laini. Hapo ndipo wanaoanza hukosea, kwa kudhani kwamba bado ni mbichi, wakati biskuti hukakamaa inapopoa.

Kwa nini biskuti ilishika Umoja kuliko keki? Maji ya mfereji ni ya mgao katika mtaa huu na familia nyingi huyanunua kwa mtungi, lakini biskuti haitaki maji, na vyombo vyake ni bakuli moja na sahani. Mayai si ya lazima. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na keki huweza kuumuka kwa haraka kisha ikadidimia, ilhali biskuti isiyotiwa kiumushi haina cha kudidimia. Mwokaji asiye na uzoefu hupata hapa kitu ambacho keki haimpi, nafasi ya kukosea kidogo bila kupoteza unga wote.

Shule iliukamilisha mwenendo huo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka mkazo katika masomo ya vitendo, likiwamo Sayansi Kimu, ambalo ni somo la upishi, ushonaji na usafi wa nyumba. Shule nyingi hazikuwa na oveni, hivyo mzazi alitoa unga, mwalimu akatoa uwiano, na moto ukawa wa jiko la mkaa. Wavulana nao walikaa katika madarasa hayo, na kwa njia hiyo kazi iliyokuwa ya mpishi wa kiume, kisha ya klabu ya akina mama, ikawa ya mtoto yeyote. Somo hilo lilipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliolisoma mapema walikuwa tayari wazazi au karibu kuwa wazazi, na shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wao waliurudia uwiano ule ili kuwashughulisha watoto nyumbani na, kwa baadhi yao waliopoteza kazi, kupata cha kuuza kwa majirani.

Kufikia wakati huo moto wenyewe ulikuwa umebadilika. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 ikapandisha bei ya mkaa jijini, na familia nyingi zikahamia meko, jina la mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Meko haina makaa ya kupalia, na biskuti iliyookwa kwa njia ya zamani iliungua chini ikabaki nyeupe juu. Jibu la waokaji wa Umoja limekuwa kupunguza unene wa biskuti, kuiweka kwenye kikaangio kizito cha chapati juu ya mwali mdogo kabisa, kuifunika kwa mfuniko uliofungiwa kitambaa kikavu cha kunyonya mvuke, na kuigeuza mara moja kwa kisu kipana upande wa chini unapoanza kubadilika rangi.