Fundi na Msaidizi Wake: Historia ya Uhaba wa Vijana katika Kazi za Ujenzi, Mpanda na Kakese

Kakese ni kata iliyomo katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, na wakazi wake wajulikana zaidi kwa kilimo cha mpunga. Mpunga ukiisha kuvunwa na mbuga zikikauka, huingia majira ya kazi nyingine. Udongo hukandwa kwa miguu, tofali hufyatuliwa kwa kibao, huanikwa juani, kisha hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa magogo. Kiangazi ndicho majira ya kujenga, kwa kuwa tofali mbichi haistahimili mvua, na mkulima aliyeuza mavuno yake ndipo apatapo fedha ya bati na saruji. Udongo upo, mchanga upo, na nia ya kujenga ipo. Linalolalamikiwa ni kwamba vijana wa kushika mwiko ni haba, na kila mwaka fundi aliyezoeleka huwa mzee zaidi bila kuonekana atakayempokea kamba na timazi.

Jibu litolewalo haraka ni kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Jibu hilo ni jepesi kulisema, lakini mambo yaonekanayo yalipinga. Kijana huyo huyo asemwaye kuwa mvivu huinama kutwa nzima katika majaruba kupandikiza mpunga. Huingia katika mashimo ya machimbo madogo ya dhahabu ya Mpanda, ambako mwamba waweza kumwangukia. Huendesha pikipiki ya abiria usiku na mchana, juani na mvuani. Asiyeogopa maji, mashimo wala barabara hawezi kusemwa kuwa aogopa tofali. Basi yafaa kuuliza swali jingine: je, kazi ya ujenzi humpa kijana nini, na ilimpa nini zamani? Swali hili ni la historia, na historia ya Mpanda ina mengi ya kulijibu.

Kwanza ni vema kukumbuka kwamba katika nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, kujenga nyumba hakukuwa kazi ya watu maalumu. Nyumba ya miti, fito, udongo na nyasi ilijengwa na mwenyewe pamoja na jamaa na majirani, nao wakalipwa kwa chakula na pombe, na kwa ahadi ya kusaidiwa watakapojenga wao. Kila mwanamume alijua kuchagua mti usioliwa na mchwa, na kila mtoto alijifunza kwa kutazama na kubeba. Uhaba wa wajenzi haukuweza kuwapo, maana hakukuwa na mtu asiyekuwa mjenzi. Ujenzi ulianza kuwa ufundi wa wachache pale ilipoingia nyumba ya namna nyingine, yenye kuta za tofali zilizonyoka kwa timazi, madirisha ya mbao na paa la bati.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na historia yake pwani, pamoja na desturi za kumfundisha mwashi. Lugha yenyewe yashuhudia. Mtu anayeanza kazi huitwa mwanagenzi. Na neno kilemba, mbali na kuwa kitambaa cha kichwani, lilikuwa na maana ya pili ambayo kamusi za zamani zimeihifadhi: zawadi apewayo fundi au mwalimu mafunzo yanapokwisha. Maana hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kilemba kilikuwa malipo, lakini kilikuwa pia alama ya mwisho. Siku kilipotolewa, watu walijua kwamba mwanagenzi ametoka mkononi mwa fundi wake, na kwamba tangu siku hiyo aweza kupatana na mwenye nyumba kwa jina lake mwenyewe. Uanagenzi ulikuwa mrefu na wa taabu, lakini ulikuwa na mlango wa kutokea.

Je, mlango huo ulifika Mpanda pamoja na tofali? Miongoni mwa majengo ya mwanzo ya mtindo wa kigeni katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi lilikuwamo boma la Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Lilianzishwa mwaka 1879 na Mbelgiji Cambier, aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika lililoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Misafara ya shirika hilo ilipata watu wake Unguja na pwani, na kazi ya boma ilitegemea sana wageni hao. Mwaka 1885 boma lilikabidhiwa mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadre Weupe, nao wakaligeuza kuwa misheni. Misheni ilihitaji kanisa, shule na nyumba za wanafunzi, na mabruda walizoea kujenga pamoja na vijana waliolelewa kwao. Hapo uanagenzi wa namna fulani uliota mizizi, lakini ulibaki katika mzunguko wa misheni, mbali na bara ambako Mpanda ungekuja kusimama.

Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu, na kwa ajili ya mgodi huo serikali ya Waingereza ilijenga reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1950. Ndipo zikajengwa stesheni, madaraja, karakana na nyumba za wafanyakazi. Desturi ya kazi za reli ilikuwa imekwisha kuwekwa na Wajerumani katika Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Katika kazi zile ufundi mwingi ulishikwa na Wayunani, Waitaliano na Wahindi, na Mwafrika alipewa jembe, sururu na karai. Kibarua alihesabiwa kwa siku zake, wala si kwa ujuzi aliouongeza. Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960. Majengo yalibaki, lakini wenye ujuzi wengi hufuata kazi iendako, na mji hauwezi kurithi kile ambacho haukupewa muda wa kujifunza.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ilijaribu kuunda mafundi kwa njia ya shule. Shule ya ufundi ya Ifunda, mkoani Iringa, ilifunguliwa mwaka 1951 mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipoland wakati wa vita, na ile ya Moshi ikafuata mwaka 1957. Uashi na useremala vilikuwa miongoni mwa masomo yake, na mpango wake ulimtaka kijana asome shuleni kwanza, kisha amalizie kwa mwajiri. Kwa maneno mengine, shule hizo zilimrudishia mwanagenzi mwisho unaojulikana. Lakini zilikuwa mbili tu kwa nchi nzima, na mtoto wa Mpanda alikuwa mbali nazo. Katikati ya miaka ya 1960, taifa jipya likiwa na njaa ya wasomi wa sekondari, shule hizo ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi. Hakuna awezaye kulaumu haja ile. Hata hivyo, yapasa kukiri kwamba tangu hapo mwiko ulianza kuonekana kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye kalamu, au adhabu ya aliyeikosa kalamu.

Fikra ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kuondoa dharau hiyo, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi vilianzishwa vijijini, uashi na useremala vikiwa mbele. Nia ilikuwa njema na vifaa vilikuwa haba. Zaidi ya hayo, wazazi wengi waliviona vituo hivyo kuwa mahali pa walioshindwa mtihani. Wakati huo huo, katika wilaya ya Mpanda, wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakijijengea makazi mapya: Katumba tangu mwaka 1972 na Mishamo tangu mwaka 1978. Katika mapori hayo watu walifyeka, wakafyatua tofali na kusimamisha vijiji kwa mikono yao. Mwaka 2014 wakimbizi 162,000 hivi wa makazi ya zamani, yakiwamo Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania. Mfano wao waonyesha kwamba ujuzi wa kujenga huenea upesi pale mjenzi anapojua kwamba nyumba ni yake na kesho ni yake.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na shule. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002, kisha sekondari za kata zikaenea, na mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa, kijana wa miaka 14 hadi 18 alitoka katika kiwanja cha ujenzi na kuingia darasani. Huo ndio umri ambao zamani mwanagenzi alikuwa akichanganya udongo na kuangalia mkono wa fundi. Jambo hili ni la heri, na hapana mwenye akili atakaye kulirudisha nyuma. Lakini lina gharama yake: kijana amalizapo kidato cha nne bila kuendelea, amekwisha kuwa mtu mzima mwenye haja ya fedha ya leo, na fundi humpokea kama mtoto wa jana.

Hapo ndipo linapoingia neno linalotumika katika kila kiwanja cha ujenzi nchini: saidia fundi. Tazama tofauti yake na mwanagenzi. Mwanagenzi yu safarini. Saidia fundi yu mahali pake. Mwanagenzi huulizwa amejifunza nini. Saidia fundi huulizwa amebeba ndoo ngapi. Hulipwa jioni, na akifukuzwa jioni hiyo hana analodai. Aweza kuchanganya zege miaka mitano bila kushikishwa pima maji, maana fundi akimfundisha amejiongezea mshindani, na mwenye nyumba hapendi ukuta wake uwe ubao wa mazoezi. Hakuna kilemba kinachongojwa upande wowote. Fundi hapati heshima kwa kumtoa mwanafunzi, na mwanafunzi hajui siku ya kutoka. Ulinganishe na pikipiki: kijana aliyejifunza kuiendesha kwa majuma machache huanza kuhesabu nauli yake, na akiaminiwa kwa mkataba huwa na siku ya kuimiliki. Uchaguzi wake si uvivu, ni hesabu.

Upungufu huo ulidhihirika Katavi ilipofanywa kuwa mkoa mwaka 2012, maana mkoa mpya hudai ofisi, hospitali na nyumba za watumishi. Ukadhihirika zaidi mwishoni mwa mwaka 2021, serikali ilipoamua kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, 12,000 yakiwa ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kazi hiyo ilitumia mafundi wa mahali penyewe, na ilitakiwa iwe tayari kwa kufunguliwa shule Januari 2022. Uamuzi wa kuwatumia mafundi wa vijijini ulikuwa wa heshima kwao. Lakini kwa mahali kama Kakese majira yake yalikuwa magumu. Oktoba hadi Desemba ndipo mashamba husafishwa na mvua za kwanza huanguka, na kijana mwenye jaruba hawezi kuliacha kwa ujira wa majuma machache. Tena kazi ya haraka humtaka aliyekwisha kujua. Haina nafasi ya kumfundisha asiyejua. Darasa hukamilika, na kijiji hubaki na mafundi wale wale.

Ukiyapanga mambo hayo kwa mfululizo, Karema, reli, mgodi na madarasa, waona uzi mmoja. Mara kwa mara ujenzi mkubwa uliingia katika nchi hii kama mgeni mwenye haraka. Ulikusanya mikono, ukalipa siku, ukaondoka. Uliacha kuta bila kuacha uanagenzi. Kwa hiyo uhaba wa leo si tabia mbaya iliyozuka kwa kizazi kimoja, bali deni la zamani lililokomaa.

Dawa yake haihitaji kubuniwa upya. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwatambua na kuwapa vyeti waliojifunza kazi nje ya darasa. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu limeweka mkondo wa amali katika sekondari. Yote mawili yaweza kuwa kilemba kipya, mradi yafike hadi kwenye tanuri la tofali. Yafaa kila jengo la umma litenge nafasi za wanagenzi wenye muda uliotajwa, fundi alipwe kwa kufundisha kama alipwavyo kwa kujenga, na kazi ipangwe Juni badala ya Oktoba, ili mpunga na ukuta visigombanie mikono ile ile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo hufikiri kwamba mjenzi hatakosekana. Lililo shaka ni bidii ya mwenye nyumba tu. Kakese yaonyesha kwamba waweza kufika wakati ambapo mwenye nyumba ana bidii, ana tofali na ana fedha, lakini anayejua kuusimamisha ukuta amekwisha kuzeeka, na kijana aliyembebea ndoo miaka yote hakuwahi kupewa mwiko.