Mwalimu aliyefukuzwa Zhongda kwa ajili ya nyimbo za wananchi

Ukimwambia dereva wa teksi mjini Guangzhou, kusini mwa China, akupeleke Zhongda, huenda akakuuliza: chuoni au sokoni? Zhongda ni kifupi cha jina la Chuo Kikuu cha Zhongshan, na soko kubwa la vitambaa lililo jirani nalo huitwa hivyo hivyo. Leo tunakwenda chuoni.

Zhong Jingwen alizaliwa mwaka 1903 katika wilaya ya Haifeng, pwani ya mashariki ya mkoa wa Guangdong. Huko opera za kienyeji huchezwa mbele ya mahekalu katika sikukuu za miungu. Opera ya Zhengzi huimbwa kwa lugha ya kale ya maofisa, lakini opera ya Baizi huimbwa kwa lafudhi ya nyumbani, hata bibi asiyejua kusoma huielewa. Wapenzi wa taarabu watatambua tofauti hiyo mara moja. Katika jumba la Sultani wa Zanzibar taarabu iliimbwa kwa Kiarabu, kisha Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri.

Wakati huo Zhong alikuwa mwalimu msaidizi huko Zhongda. Alikwisha kukusanya nyimbo za wavuvi wanaoishi ndani ya mashua zao na nyimbo za mapenzi za Wahakka. Mwezi Novemba mwaka 1927, yeye pamoja na mwanahistoria Gu Jiegang na wenzao walianzisha chuoni jumuiya ya utafiti wa mila na desturi, na mwezi Machi mwaka 1928 likatoka toleo la kwanza la jarida lao la kila wiki, "Minsu". Ngano, mafumbo, ibada za kijijini, vyote vilipata nafasi humo.

Furaha hiyo haikudumu. Katika majira ya joto ya mwaka huo, kitabu kimoja cha jumuiya, mkusanyo wa nyimbo kutoka eneo la Suzhou, kilishutumiwa kuwa na maneno yasiyo na staha, na Zhong akafukuzwa kazi. Kwa maoni yangu shutuma hiyo ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa hata Kitabu cha Nyimbo, ambacho Confucius alikithamini sana, kimejaa mapenzi ya wanavijiji.

Zhong alikwenda Hangzhou, akaendelea kukusanya. Alirudi kufundisha Zhongda katika miaka ya 1940, akafukuzwa tena mwaka 1947, safari hii kwa sababu za kisiasa, akakimbilia Hong Kong. Kuanzia mwaka 1949 alifundisha Beijing kwa zaidi ya nusu karne, na wengi humwita baba wa elimu ya mila na desturi ya China.

Alifariki dunia mwezi Januari mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 98. Miaka minne baadaye serikali ya China ilitangaza orodha yake ya kwanza ya urithi wa utamaduni usioshikika, na opera ya Baizi ya Haifeng ilikuwamo.