Tarehe ya Ua

Sisi tuliofundisha historia tumezoea tarehe za vita, za mikataba na za kutawazwa kwa wafalme. Siku ambayo ua la nyikani limechanua hatuihesabu kuwa historia. Hata hivyo, kaskazini mwa Marekani, katika jimbo la Wisconsin, palikuwa na mwalimu mwenzetu aliyeziandika tarehe za namna hiyo kwa bidii, na leo zinatueleza mambo ambayo hati za serikali haziyajui.

Aldo Leopold alikuwa profesa wa chuo kikuu. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka kwa kulimwa. Jengo lililosalia lilikuwa banda la kuku, akalisafisha na kulifanya kambi ya familia mwishoni mwa juma. (Mke wangu, nilipomsimulia habari hii, alitaka kujua kwanza ni nani aliyezoa samadi.) Tangu hapo Leopold aliandika siku ndege waliporudi kutoka kusini na siku kila ua lilipofunguka.

Nchi ile zamani ilifanana na nyika zetu: nyasi ndefu, moto wa mara kwa mara, na makundi ya wanyama wenye kwato. Jembe na ng'ombe wa maziwa viliimaliza karibu yote. Katika pembe ya makaburi ya miaka ya 1840, kandokando ya barabara, kilibaki kipande kisichozidi upana wa mkeka, kwa kuwa uzio ulikizuia kufyekwa. Humo uliota mmea uitwao silfiamu, mrefu, wenye maua ya manjano mfano wa alizeti ndogo. Kwa miaka sita wastani wa siku yake ya kwanza kuchanua ulikuwa Julai 15. Mwaka mmoja ukachelewa hadi Julai 24. Agosti 3 Leopold alipita tena akakuta wafanyakazi wa barabara wameondoa uzio na kuufyeka. Kuchelewa kule twaweza kuiuliza mbingu. Kufyekwa hatuna wa kumwuliza ila binadamu. Mtu anayesoma tarehe peke yake hawezi kuzitenga sababu hizo mbili.

Na moto huzichanganya zaidi. Katika miaka ya 1940, karibu na mji wa Madison, wataalamu John Curtis na Max Partch walichoma vipande vya nyika kwa majaribio. Nyasi kuukuu zinazolala juu ya udongo zikiungua, jua huifikia ardhi, udongo hupata joto mapema, machipukizi hutoka upesi na mashina yenye maua huongezeka. Kwa hiyo majirani wawili, mmoja mwenye kuchoma na mwingine asiyechoma, waweza kuwa na tarehe mbili chini ya mbingu moja.

Leopold alifariki Aprili 21, 1948, kwa ugonjwa wa moyo, akisaidia kuzima moto wa nyasi katika shamba la jirani. Binti yake, Nina Leopold Bradley, alirudi kwenye ardhi ile na kuanzia mwaka 1976 akaendeleza orodha ya baba yake. Mwaka 1999 yeye na wenzake walitangaza hesabu ya matukio 55 ya majira ya kuchipua katika kipindi cha miaka 61. Kwa wastani yalikuwa yakiwahi kwa sehemu 0.12 ya siku kila mwaka, yaani kama juma zima kwa kipindi chote. Wala si yote yaliyosogea. Baadhi yalibaki palepale, kama inavyotarajiwa kwa viumbe vinavyofuata urefu wa mchana badala ya joto.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini hesabu hiyo haiwezi kunakiliwa tu. Hapa joto si mfalme. Mvua na moto ndivyo vyenye amri. Ziko mimea ya nyika ambayo baada ya kuungua hutoa ua kabla ya jani, na hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Anayechoma mwezi Juni na anayechoma Oktoba hawawezi kupata maua ya siku moja. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, yakiwemo ya jamii ya okidi. Viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa huko na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chikanda. Kiazi kilichochimbwa hakiwahi wala hakichelewi.

Vizazi vya wakulima wetu vilijua ua gani hutangulia mvua, na walipanda kwa kulitazama. Ujuzi huo haukuwa na miaka ndani yake: ulisema "mvua zikikaribia", haukusema mwaka 1952 au 1974. Vyuoni tulikuwa na kipimamvua. Kilisomwa kila asubuhi saa tatu, Jumapili na sikukuu, na mwanafunzi wa zamu alitia sahihi. Fomu zililetwa zikiwa zimepigwa chapa: tarehe, milimita, maelezo. Katika safu ya maelezo wanafunzi waliandika "mawingu", "radi", na mara moja, kwa mwandiko mzuri sana, "nyuki wengi".