Mkoko Uliosimama Una Bei Gani?

Tukisikia neno uchumi, wengi wetu tunawaza bei ya mafuta, unga na kodi. Mimi nasema kuna somo zito la uchumi kwenye matope ya Pwani, na halikuanza jana.

Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Boriti ilikuwa pesa. Hata upana wa vyumba kwenye nyumba za mawe za zamani ulifuata urefu wa boriti! Lakini cheki hiyo hesabu: mkoko ulipata bei siku ya kukatwa tu. Ukiwa umesimama unalea samaki wachanga, unapunguza nguvu ya mawimbi, unafungia kaboni kwenye matope. Bei yake? Sufuri.

Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Sawa, lakini marufuku haipiki ugali. Ukimwambia mtu aache kukata na hujampa riziki nyingine, njaa itamrudisha msituni.

Ndiyo maana Gazi, kule Kwale, inanibamba. Mikoko ilikuwa imekatwa vibaya, na kufikia miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walikuwa wakiipanda upya. Mwaka 2013 wakazi wa Gazi na Makongeni wakaanza Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117, na kaboni inayohifadhiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, inauzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Pesa zinaenda kwa maji safi, shule na kuutunza msitu wenyewe. Mwaka 2017 wakashinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Yaani mti uliosimama ukaanza kulipa. Hiyo ndiyo kazi ya uchumi wa mazingira: kuandika kwenye daftari kile tulichozoea kuchukua bure.

Lakini tusidanganyane. Mnunuzi akilipa halafu aendelee kutoa moshi uleule, amenunua ruhusa tu. Na bei ikipangwa mbali, mwanakijiji anabaki soja wa mali ya wengine.

Kwa hivyo siku mkataba wa kaboni ukifika kwenu ushago, usiwaachie wazee peke yao. Simama barazani uulize: tani moja ni pesa ngapi? Kijiji kinabaki na ngapi? Tunajifunga miaka mingapi? Wasipojibu, msitie sahihi.