Mti wa vifaa na chipu ya video

Mitihani inanukia huku chuo, lakini leo nawaletea historia kidogo.

Chipu inayopokea picha za HDMI kwenye bodi haijitambulishi yenyewe kama flashi inavyofanya ukiichomeka. Lazima mtu aandike: ipo hapa, waya zake zinaenda kule. Open Firmware, iliyosanifishwa mwaka 1994 kama IEEE 1275, iliyaweka maelezo hayo kwenye "mti wa vifaa". Lakini Linux ya ARM iliyaandika ndani ya keneli, kila bodi na faili lake. Duh! Machi 2011 Linus Torvalds akachoka, akafoka hadharani. Ndipo ARM nayo ikahamia kwenye mti.

Video ikaleta kazi nyingine, maana picha hupita chipu hadi chipu. Mwaka 2013 Linux ikapata kanuni: kila chipu ina milango, kila mlango una ncha, na ncha huelekeza kwa mwenzake.

Sasa tuseme chipu ina milango minne ya kuingizia picha, bodi yako inatumia mmoja. Ukimpa wa kutolea namba 1 kwa kuwa ndio unaofuata, bodi ya kesho yenye yote minne itapangaje? Na keneli mpya inatakiwa isome mti wa zamani, kwa hiyo kubadili namba ni kuvunja bodi za watu. Kumbe dawa ni kuieleza chipu yenyewe, nzima, siyo draiva ya leo.

Wenzangu wa umeme mnasemaje?