Matibabu ya tezi dundumio

Tiba ya tezi dundumio, iliyo mbele ya koo, hutegemea kama homoni zake zimepungua au zimezidi. Zikipungua, mgonjwa hupewa levothairoksini, mara nyingi kwa maisha yake yote. Kidonge humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito wengi huvitumia, vipishane nacho kwa saa 4. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Homoni zikizidi, hutumika kabimazoli, iodini ya mionzi au upasuaji. Anayetumia kabimazoli akipata homa au vidonda vya koo, aache dawa na awahi hospitali siku hiyohiyo: huenda chembe nyeupe za damu zimeshuka mno. Rovu dogo (uvimbe wa tezi hii) lisilosumbua mara nyingi hufuatiliwa tu.