Unguja ni Kipande cha Bara, Pemba Siyo

Unguja na Pemba tumezowea kuvitaja pamoja, kama ulimi na mate. Katika siasa na ujamaa ni sawa, sina ugomvi na hilo. Lakini miti na wanyama wa visiwa hivi wana historia mbili mbali mbali. Mtu akitaka kujua kwa nini Unguja kulikuwa na chui na Pemba hakukuwa, asianze na wachawi wala masultani. Aanze na kina cha bahari.

Mkondo baina ya Unguja na bara ni wa maji machache, sehemu nyingi ni mita 30 mpaka 50 tu. Mkondo wa Pemba ni mambo mengine kabisa: unashuka mamia ya mita, na pahala pengine hukaribia 800. Sasa, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, zama za barafu, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda, na bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa kiasi cha mita 120. Hesabu yenyewe nyepesi. Kutoka upande wa Bagamoyo mtu angeweza kwenda Unguja kwa miguu. Kwenda Pemba, hata wakati ule, alihitaji chombo.

Ushahidi upo. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya nyati na punda milia. Punda milia Jambiani! Hakuna aliyewavusha kwa ngalawa. Walikwenda wenyewe huku wakila majani. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita Unguja ikakatika. Wanyama wakubwa wa mbugani wakatoweka. Katika waliobaki ni paa nunga, kima punju na chui. Kima punju jamaa zake wako Udzungwa na kwengineko bara, lakini yeye kajifunza maisha ya kisiwani, hata makaa anakula, na wataalamu wanasema humsaidia kuzuia sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu. Chui naye alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake madogo zaidi; mwaka 1932 Pocock akamwandika kuwa ni aina ya peke yake.

Huyo chui hakumalizwa na bahari wala hali ya hewa. Watu waliamini kwamba wachawi humfuga na kumtuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui pamoja, ile iliyojulikana kwa jina la Kitanzi. Mwaka 2018 zilitolewa picha za kamera zikidaiwa kuwa za chui Unguja, lakini mjadala haukwisha. Angekuwa bara, wenzake wa wilaya ya pili wangekuja kujaza nafasi. Kisiwani nani atakuja?

Tuje Pemba. Huko kila kilichofika kiliruka, kilielea, kilipeperushwa, au kililetwa na binaadamu. Ndege wanne hawapatikani pahala pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wake, kinengenenge wake na bundi wake mdogo. Halafu kuna yule popo mkubwa anayekula matunda, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hufika kiasi cha mita moja na nusu. Bara zima la Afrika halina popo wa ukoo huu hata mmoja! Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Madagaska, Ushelisheli, mpaka Asia. Mpapindi wa msitu wa Ngezi vile vile, ndugu zake wako Komoro na Madagaska. Yaani Pemba imeipa Tanga mgongo.

Mvua nayo ina neno lake. Pemba hupata nyingi kuliko Unguja, na Waarabu hawakuiita Al-Khadhra, ya kijani, bure. Tufani ya 1872 (jambo la nadra kwetu, tulio karibu na ikweta) iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na ufalme wa karafuu ukahamia huko. Mikarafuu ikala msitu, Ngezi ikabaki kama kiraka kaskazini magharibi. Bundi alizowea, mashamba ya karafuu anaishi. Popo aliumia zaidi, maana miti yake ilikatwa na yeye mwenyewe aliliwa kitoweo, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahofiwa kuwa anakwisha. Baadae wanavijiji, khasa wa Kidike, wakaamua kumlinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu.

Na kima punju wa Ngezi, ambao nimesikia wakiitwa wanyama wa asili wa Pemba? Hao ni wageni. Walipelekwa kutoka Unguja mwaka 1974, kundi dogo tu, na mpaka leo ni wachache.